Maradhi ya Upande wa Mama

Ng'ambo, Tabora
9 Mei 1957

Kaka yangu Feruzi,

Shikamoo. Natumaini Idi imewapita vizuri huko Ujiji, wewe na wifi Mgeni na watoto. Huku mvua zimekatika, njia ya kwenda Mtendeni imekauka, na shemeji yako Rehani ameanza tena kupokea asali na nta kutoka porini. Mwanangu Tatu anakua. Nguo zangu sasa zinamtosha, na mama mkwe ameanza kumtajataja kwa Kitwana, yule mtoto wa ndugu yake Rehani. Mama mkwe mwenyewe hajambo, sauti yake ndiyo inazidi kupata nguvu.

Najua umeshangaa kutopata salamu zangu za Idi. Sikuiona Idi, kaka. Nilikuwa hospitali.

Ilinianza kumi la mwisho la mfungo. Tumbo. Si tumbo la kuhara wala la mwezini. Ni maumivu yanayokamata toka kitovuni mpaka mgongoni na hayaachii. Nikatapika hata maji. Choo kikafunga. Moyo ukawa unanienda mbio nami nimelala tu. Na haja ndogo, unisamehe kwa kutaja, ilikuwa na wekundu mweusi kama chai kavu iliyolala. Rehani akanipeleka kwa mkokoteni wake wa madebe ya asali. Daktari akaniminya, akaona tumbo laini. Akasema labda ni utumbo, akanipasua. Hakukuta kitu. Naambiwa alitoka akisema, "Huyu mama hana ugonjwa tumboni."

Nilipozidi kupiga kelele wakanipa dawa ya usingizi, na kilichonipata hapo sikielewi mpaka leo. Badala ya kulala nikawa naona watu wamejipanga ukutani wananicheka. Nikamtukana mama mkwe matusi ambayo sikujua kama nayajua. Mwenyewe sikumbuki. Yeye ndiye aliyenikumbusha, na ananikumbusha kila siku.

Sasa sijambo, nimekonda tu. Lakini mama mkwe ametangaza mtaa mzima kwamba nina jini asiyependa saumu. Mimi, niliyepewa jina hili kwa kuzaliwa mwezi wa mfungo! Na kweli, kaka, mwaka jana pia niliugua mwezi huo huo, kidogo, na mwaka juzi vilevile.

Nina neno moja la kukuuliza. Mama yetu alikufa kwa nini? Mimi nilikuwa wa kubebwa, wewe ulikuwa na akili zako. Nikiwauliza wazee wa hapa wananiambia "alichukuliwa." Alichukuliwa na nani?

Nangoja jibu.

Mdogo wako,
Swaumu


Ujiji
28 Juni 1957

Mdogo wangu Swaumu,

Marahaba. Barua yako ilifika upesi, jibu ndilo lililochelewa. Bandarini Kigoma kazi imezidi, meli ikiingia sisi makarani hatupati hata nafasi ya kula. Wifi yako hajambo, ameanza kuanika dagaa na kuuza. Nakutumia mfuko wa dagaa na debe la mawese kwa mkono wa Maulidi, yule muuza mawese anayepanda treni kila mwezi.

Habari ya ugonjwa wako imenisikitisha. Rudi hospitali, usikubali kuambiwa huna kitu. Hayo ya jini waachie wenyewe. Siku ulizokula usianze kuzilipa mpaka upate nguvu. Na dawa ile ya usingizi wakikupa tena, ikatae. Hata wakikushika, funga mdomo. Haifai.

Kuhusu Mama, alikufa kwa homa. Homa zilikuwa nyingi wakati ule. Usianze kufukua.

Mwambie shemeji kwamba nta huku inaulizwa sana.

Kaka yako,
Feruzi


Ng'ambo, Tabora
19 Agosti 1957

Kaka Feruzi,

Shikamoo. Dagaa na mawese tumepata, mwambie wifi ahsante. Huku ni upepo na vumbi, vifua vya watoto vya mtaa mzima vinakoroma. Tatu ameposwa na Kitwana. Nyumba imefurahi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu langu ndani yake. Homa! Mtu aliyekufa kwa homa hutajwa bila wazee kuangaliana. Umenijibu habari za nta, kaka.

Hospitali nimekwenda kama ulivyosema. Safari hii ni daktari mwingine. Hakunigusa. Alisoma maneno ya mwenzake, akamnong'oneza dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda, na dresa akanigeukia.

"Bwana Daktari anauliza kama una ugomvi nyumbani."

"Mwambie mkono wangu hauinuki kufika kichwani," nikamjibu. "Siwezi kujisuka. Siwezi kufunga kishikizo."

Akamwambia. Daktari akatabasamu, si kwa ubaya.

"Anasema una mawazo. Wanawake wengi wanaumwa hivi. Nenda ukapumzike."

Wakanipa vidonge vyeupe. Nilipouliza ni vya nini, dresa akasema ni vya kunituliza nilale. Nilivimwaga njiani.

Rehani ananiambia, "Madaktari wawili wamesema huna ugonjwa. Nimwamini nani?" Si mtu mbaya, unamjua, ila amechoka. Nami nimechoka kubishana. Mama mkwe ameleta watu wa ngoma kutoka upande wa Nzega, wataanza Ijumaa. Sharti lao nisile chochote mpaka jini aseme anataka nini. Wanadai hatoki kwenye tumbo lililoshiba. Nimekubali.

Na nijibu hili, kama lile la Mama limekushinda. Wewe ni karani wa bandari. Umejuaje kwamba dawa ile haifai?

Swaumu


Ujiji
14 Oktoba 1957

Swaumu,

Hatujambo wote. Nilikuandikia mara tu niliposoma habari ya ngoma, nikakwambia usikubali kukaa na njaa, kwa hali yoyote. Hukunijibu. Nikaandika tena mwezi uliopita. Kimya. Maulidi naye alipita Tabora asiwaone, anasema nyumba ilikuwa imefungwa mchana. Je, u mzima? Rehani hana mkono wa kuandika mstari mmoja?

Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja na treni itakayofika huko Jumamosi ya wiki ijayo. Rehani anipokee stesheni. Huyo mama mkwe wako nitazungumza naye mwenyewe. Uliyoniuliza nitakujibu tukiwa tumekaa, maana si ya kuandika.

Feruzi


Ng'ambo, Tabora
2 Desemba 1957

Kaka,

Shikamoo. Mwandiko huu usiucheke, kalamu naishika kwa ngumi kama mtoto wa chuoni. Mvua zimeanza, Rehani hajambo, Tatu hajambo.

Rehani alikwenda stesheni Jumamosi uliyosema. Akaenda na Jumamosi iliyofuata. Treni ikashusha watu, wewe hukuwamo. Wala neno.

Kimya changu mimi kilikuwa na sababu, sikiliza. Watu wa ngoma walikuja. Siku ya pili bila chakula tumbo likarudi, kali kuliko mwanzo. Kisha mikono ikafa kabisa, na miguu, na sauti ikawa inatoka kwa shida. Wao walifurahi! Walisema jini anaachia mwili. Aliyewavunjia kazi ni Tatu. Aliingia katikati yao na bakuli la uji wa asali, akakaa chini, akaanza kuninywesha. Bibi yake akampiga kofi. Hakuinua hata uso, akaendelea. Aliniwekea uji kinywani siku zile zote, na maumivu yakalegea polepole. Mikono ndiyo imechelewa. Nilikaa muda mrefu nikivalishwa na mwanangu mwenyewe.

Kama nyumba ilifungwa mchana, ni kwa sababu nilikuwa nikimwona Mama ukutani na Rehani hakutaka majirani wanisikie.

Sasa lako. Jana Maulidi amefika na mawese. Akaniuliza, "Kaka yako amepona?" Nikamwambia, "Wewe ndiye unayetoka kwake." Akaona haya, nikamkaba kwa maswali mpaka akasema. Siku ulipotakiwa kupanda treni alikuona umebebwa kwa machela kutoka bandarini, umeshika tumbo, unalia kama mwanamke anayejifungua. Akasema Kigoma nzima inajua kwamba karani Feruzi ana tumbo linalokuja na kwenda, na kwamba si mara ya kwanza.

Si mara ya kwanza! Mimi nimepasuliwa, nimepigiwa ngoma, nimeitwa mwendawazimu ndani ya nyumba yangu, na wewe ulikuwa unaijua njia yote hii kwa kuwa umeshapita. Nikikuuliza unanitumia dagaa.

Usiniandikie tena kama huna la kunijibu.

Swaumu


Ujiji
11 Januari 1958

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, anasema hasira zako ni haki yako. Watoto wazima.

Maulidi ana mdomo, lakini hakusema uongo. Ilinianza mwaka vita vilipokwisha. Maumivu hayo hayo, rangi hiyo hiyo ya haja ndogo. Hospitali wakanipa dawa ya usingizi, nikapiga watu, nikafungwa kwenye kitanda, miguu ikafa karibu mwaka. Niliporudi kazini wenzangu walikuwa wakinipisha njiani kama mtu anayeweza kuruka wakati wowote. Tangu hapo likija najifungia, Mgeni anawaambia watu nina malaria. Ndivyo nilivyojua kuhusu dawa ile.

Na Mama. Naandika, maana umenilazimisha. Ilikuwa mwezi wa mfungo, katika nyumba ya Baba hapo Ng'ambo, kabla haijajengwa upya. Alilia tumbo, kisha akaanza kuona watu wasiokuwepo. Wakamfunga na khanga kwenye kitanda asije akatoka nje uchi. Alikuwa akisema, "Nipeni uji, nipeni uji kidogo tu." Wazee wakasema hiyo ni sauti ya jini inataka kumvunjia saumu. Hawakumpa. Miguu ikafa, ikafuata sauti, mwisho akashindwa kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa mlangoni. Baba hakukubali jina lake litajwe tena.

Kuna na kaka yake Mama, mpagazi wa misafara ile ya mwisho mwisho kabla ya reli. Aliangukia njiani kati ya Tabora na huku Ujiji, wakati wanakula mara moja kwa siku. Walisema amerogwa na mtu wa Uvinza kwa sababu ya chumvi. Alikuwa ameshika tumbo.

Sikukwambia kwa kuwa sikutaka ukae unangoja zamu yako. Nilidhani labda wewe umenusurika nayo. Sasa unajua, na sioni umepata faida gani.

Feruzi


Ng'ambo, Tabora
20 Februari 1958

Kaka Feruzi,

Shikamoo, na kwa wifi pia. Karanga zimestawi, Rehani amepata mteja mpya wa nta. Mimi najisuka mwenyewe tena, ingawa upande mmoja unakaa vibaya.

Faida nimeipata, nikwambie. Hospitali kuna daktari mgeni, kijana, amekuja kumshikia nafasi aliyekwenda likizo. Kiswahili chake cha kuokoteza lakini anasikiliza. Aliniuliza nani mwingine kwetu anaumwa hivi. Ningeulizwa mwaka jana ningesema hakuna. Nikamwambia: Mama, na kaka yake Mama, na kaka yangu. Akaweka kalamu chini. Akataka haja ndogo kwenye chupa, akaiweka dirishani juani, akaniambia, "Wewe ngoja." Nilipoiona tena baada ya adhuhuri ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu, halafu akaona haya kwa kufurahi mbele yangu.

Ameeleza hivi. Mwili wetu unashindwa kumaliza kazi ya kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu. Kazi inakatika katikati, na kile ambacho hakijakamilika kinalimbikizana na kuwa sumu. Sumu ikigusa mishipa ya tumbo, ni maumivu bila donda. Ikigusa ya mikono, mikono inakufa. Ikigusa ubongo, unaona watu ukutani. Yote ni ugonjwa mmoja, kaka! Una jina refu la kwao, sikulishika. Unarithiwa, mzazi mmoja anatosha, na kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa. Hauna dawa. Ila dawa za usingizi ni kama kuumwagia mafuta ya taa, na njaa huuamsha. Nisikae na njaa. Likianza, ninywe vitu vya sukari na kula viazi, mihogo, uji.

Nikamwendea sheikh kumuuliza habari ya mfungo. Akasema mgonjwa wa namna hiyo asifunge, alishe maskini, basi. Hakusita hata kidogo. Nilitaka kupiga ukuta. Miaka yote hii katika nyumba yetu hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Sasa yapo mawili. La kwanza, mfungo umekaribia: usifunge, nakuomba. La pili ni Tatu. Harusi ni baada ya Idi. Mimi nataka tuwaambie wakwe kabla, na tumwambie mwenyewe. Rehani anasema tunyamaze, akishaolewa ameolewa. Wewe ni mjomba wake. Sema.

Swaumu


Ujiji
15 Machi 1958

Swaumu,

Hatujambo. Nakukataza. Mume wako amesema vizuri. Mtoto ni mzima, hajaumwa hata siku moja, unataka kumtangazia nini? Ukisema kwa wakwe umesema kwa Tabora nzima, na binti zangu mimi wataolewa na nani?

Na saumu nitafunga. Najulikana hapa, nasali safu ya mbele. Siwezi kunywa chai mchana mbele ya makuli waliofunga huku wanabeba magunia.

Tumefika mwisho wa habari hii.

Feruzi


Ujiji
30 Aprili 1958

Mdogo wangu Swaumu,

Marahaba za shikamoo zote ambazo sikuzijibu. Naandikia kitandani. Watoto wazima, wifi yako mzima, na ni habari yake ninayotaka kukusimulia.

Sikujua kwamba umemwandikia. Mmefichana nami, ninyi wawili na hizo herufi zenu za Kiarabu za chuoni, na nimekukasirikia sana. Nilifunga mpaka karibu katikati ya mwezi. Nikaanguka bandarini, nikapelekwa zahanati. Safari hii lilikuwa kali mno. Mimi mwenyewe nilimshika dresa nguo nikimwomba dawa ya usingizi, hali ubaya wake naujua. Maumivu yale hayakuachii akili. Alipokuja na sindano Mgeni akasimama mbele ya kitanda.

"Hiyo hachomwi."

"Mama, mumeo anateseka," dresa akasema.

"Namwona. Ukitaka kuchoma, nichome mimi."

Akatoa barua yako kifuani akaanza kumsomea pale pale, kwa sauti. Dresa ni Mkristo, kuona zile herufi alidhani anasomewa dua, akarudi nyuma kwa heshima mpaka alipoelewa maneno. Mgeni akaninywesha maji ya muwa kijiko kwa kijiko, natapika anaanza upya. Nilimtukania wazazi wake. Akajaza kijiko kingine.

Nimebaki na nyayo ninazoburura, natembea na fimbo, na kazini wananipa kazi ya kukaa. Wale makuli walikuja kunitazama. Nilikuwa nimechoka kutunga uongo mwingine, nikawaambia ni maradhi ya kwetu, upande wa mama, na yanakataa njaa. Mmoja akasema, "Kumbe ni hilo tu, Bwana Karani?" Akaniletea muwa kesho yake.

Kuhusu Tatu bado nadhani umekosea. Lakini sina tena uso wa kukukataza.

Kaka yako,
Feruzi


Ng'ambo, Tabora
18 Mei 1958

Kaka yangu Feruzi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Mshike mkono wifi Mgeni kwa niaba yangu. Fimbo si kitu.

Mwezi mzima nilikula mchana, uani, mlango wazi. Mama mkwe aligeuza mkeka wake asinione. Sikuugua.

Kwa wakwe nilikwenda mwenyewe siku chache baada ya Idi, Rehani alikataa kuja. Walinisikiliza kwa adabu, wakanikaribisha kahawa, na Jumatatu yake posa ikavunjwa. Kwa adabu pia. Rehani hakunisemesha siku nyingi. Mama mkwe alinisemesha kwa niaba ya wote. Tatu aliniambia neno moja tu, "Umeniharibia," akahamia chumba cha nyuma. Chakula changu alikuwa akikipokea bila kunitazama usoni. Nilijiuliza kama ulikuwa na haki wewe na Rehani. Usiku na mchana nilijiuliza.

Jana nilikuwa uani nikimenya viazi. Akaja akakaa, akachukua kisu kingine akamenya nami. Kisha akauliza, macho kwenye kiazi:

"Mama, lako lilianza vipi? Mara ya kwanza kabisa, kabla hujajua."

Nikamwambia: tumbo, na kukosa choo, na moyo kwenda mbio bila sababu.

Akaweka kisu chini. "Basi langu lilianza mfungo huu uliopita," akasema. "Mara mbili. Nilifungia mlango nikang'ata mto. Niliogopa nikisema hamtanioza."

Nilitaka kumzaba kibao, nilitaka kumkumbatia. Kung'ata mto, kaka. Amejifunza wapi kunyamaza hivyo kama si kwetu?

Rehani alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani ataondoka. Akavua kofia, akaja akakaa chini kwenye maganda ya viazi na kanzu yake safi. Akauliza kama mtoto ameshakula tangu asubuhi, Tatu akatikisa kichwa. Akachota viazi vilivyokwisha kuiva chunguni, akampulizia kimoja kama alivyokuwa akimpulizia alipokuwa anaota meno.

"Kula kwanza, mwanangu," akamwambia. "Harusi itapatikana."

Tatu akala. Kesho asubuhi tunakwenda kwa yule daktari sote watatu.

Wape watoto wako habari hii, wakubwa na wadogo, usichague.

Mdogo wako akupendaye,
Swaumu